Ukiokota mtoto wa mnyamapori, huruma pekee haitoshi

Siku moja mama mmoja aliingia katika chumba changu cha kliniki akiwa amemshika mkono mwanawe wa miaka minane. Kidole cha shahada cha mtoto huyo kilikuwa kimevimba, nacho kilikuwa kimefungwa kitambaa kilichonuka mafuta ya taa. "Daktari, ameumwa na katumbili," mama alisema. "Lakini si kakubwa, ni katoto tu. Tunakalea nyumbani."

Nilipouliza zaidi nilielezwa kwamba mjomba wa mtoto huyo, ambaye ni dereva wa lori, alimwokota tumbili huyo kando ya barabara kuu ya Mombasa. Mamake tumbili alikuwa amegongwa na gari na kufa, naye mtoto alikuwa bado amemng'ang'ania tumboni. Mjomba aliona huruma. Alimfunika kwa koti lake akamleta hadi Nairobi. Kwa wiki tatu tumbili huyo alilala ndani ya katoni jikoni, akanyweshwa maziwa na uji kwa chupa, na watoto wa ploti nzima wakawa wanapokezana kumbeba. Jeraha nililoonyeshwa lilikuwa la siku nne. Hakuna aliyeliosha kwa sabuni, na hakuna aliyefikiria habari ya chanjo.

Msomaji, sina nia ya kumlaumu mjomba huyo. Wengi wetu tungalifanya vivyo hivyo. Wakazi wa Nairobi wanaishi jirani na mbuga ya wanyama iliyotengwa tangu mwaka 1946, na tumbili na kima wa City Park na Karura huvuka ua na kuingia jikoni mwa watu. Huko Pwani, kima na mbega hupita juu ya mapaa ya nyumba. Kwa hivyo si ajabu siku moja ukajikuta umesimama mbele ya mnyama aliyejeruhiwa au mtoto aliyefiwa na mamake. Ninalotaka kukueleza leo ni kwamba kumpeleka mnyama huyo nyumbani kunaweza kumdhuru yeye na kukudhuru wewe, na kwamba sababu zake ni za kitabibu.

SI KILA ALIYE PEKE YAKE NI YATIMA

Jambo la kwanza ni kuhakikisha kama mnyama huyo anahitaji kuokolewa. Paa, digidigi na pongo wana desturi ya kuwaficha watoto wao nyasini au kichakani kwa siku nyingi baada ya kuzaa. Mama huenda kula mbali kidogo, kisha hurudi mara chache kwa siku kunyonyesha. Mtoto hulala kimya bila kujitikisa, na harufu yake ni hafifu ili chui na fisi wasimtambue. Mtu akipita na kumwona, husema, "Masikini, ameachwa." Lakini hakuachwa. Mamake yuko karibu, na huenda anakutazama akingoja uondoke.

Nayasema haya kwa sababu nilifanya kosa hilo mwenyewe. Nilipokuwa mvulana wa shule ya msingi nilimkuta mtoto wa paa amelala nyasini nilipokuwa nikichunga ng'ombe. Nilimbeba kifuani hadi nyumbani nikiwa na furaha kubwa. Nikampa maziwa ya ng'ombe yaliyotoka kukamuliwa. Usiku huo akaanza kuhara, na siku ya tatu akafa. Nyumbani walinifariji kwamba nilijitahidi. Ni baada ya miaka mingi, nikiwa tayari ni daktari, nilipofahamu kwamba sikuwa nimemwokoa paa yule bali nilikuwa nimemwiba.

Hali ni kama hiyo kwa makinda ya ndege. Aina nyingi za ndege hutoka kiotani siku kadhaa kabla ya kuweza kuruka vizuri, na wazazi wao huendelea kuwalisha wakiwa chini. Kinda lenye manyoya kamili, linalorukaruka ardhini, kwa kawaida halihitaji msaada wako ila kuwekwa juu ya tawi lililo karibu, mbali na paka. Wengi wameambiwa tangu utotoni kwamba ukiligusa kinda mamake hulikataa kwa ajili ya harufu ya mtu. Kwa ndege walio wengi jambo hilo si kweli.

Basi utajuaje kwamba mnyama ana shida ya kweli? Tazama kwa mbali. Kama mamake amekufa na umemwona, kama kuna damu, mfupa uliovunjika, bawa lililolegea au nzi waliomzunguka, kama amenaswa katika waya, au kama amelia mchana kutwa pasipo mzazi kuja, hapo msaada unahitajika.

HOFU YENYEWE HUUA

Mnyamapori hajui kwamba una nia njema. Kwake yeye, kiumbe kikubwa kinachomkaribia na kumshika ni kiumbe kinachotaka kumla. Moyo wake huenda mbio, joto la mwili hupanda, na misuli hufanya kazi kupita kiasi anapojaribu kujinasua. Hali hiyo ikiendelea, misuli huanza kuharibika, na chembechembe zake humwagika katika damu na kuziba figo. Mnyama anaweza kufa papo hapo kwa moyo kusimama, au akaonekana ametulia kisha akafa siku kadhaa baadaye. Swala na jamaa zake huathirika zaidi.

Kwa hivyo, kumpapasa mnyama ili kumtuliza, kumzungukia pamoja na majirani na kumpiga picha kwa simu ni kumwongezea mateso. Akinyamaza mikononi mwako usidhani amekupenda. Mara nyingi ameganda kwa woga. Giza, ukimya na kuachwa peke yake ndiyo dawa yake ya kwanza.

MAZIWA YA NG'OMBE SI YA KILA MTOTO

Kosa linalofuata ni la chakula. Maziwa ya kila mnyama yameumbwa kwa ajili ya mtoto wake, na kiasi cha mafuta, sukari na protini hutofautiana sana kati ya mnyama na mnyama. Mtoto wa porini anaponyweshwa maziwa ya ng'ombe aghalabu hupata kuhara, na mtoto anayehara huishiwa na maji na chumvi mwilini upesi. Nyote mnaolea watoto mnajua jinsi kuhara kunavyoweza kummaliza mtoto wa binadamu. Kwa mtoto wa paa mwenye uzito wa kilo mbili muda ni mfupi zaidi.

Mfano ulio wazi ni ule wa ndovu. Daphne Sheldrick, aliyefariki mwaka 2018, alihangaika kwa miaka mingi kutafuta maziwa yanayoweza kumwokoa ndovu mchanga, kwa sababu mafuta yaliyomo katika maziwa ya ng'ombe yalikuwa yakiwaua. Hatimaye alifaulu kwa maziwa ya kopo yaliyotengenezwa kwa ajili ya watoto wa binadamu, na nazi ikawa msaada mkubwa katika mchanganyiko wake. Ikiwa mtu aliyeishi na wanyama maisha yake yote alihitaji miaka kulitatua jambo hilo, mimi na wewe hatuwezi kulitatua jikoni kwa usiku mmoja.

Ndege walao nyama nao wana taabu yao. Kinda la mwewe au la bundi likilishwa mnofu mtupu bila mifupa hukosa madini ya chokaa, na mifupa yake hupinda kama ya mtoto mwenye matege. Ndege wa namna hiyo anaweza kunenepa na kupendeza, lakini asiweze kuruka maisha yake yote.

MENO, KUCHA NA POPO

Sasa nirudi kwa mvulana wangu na kidole chake. Ugonjwa niliouhofia zaidi ni kichaa cha mbwa. Jina hilo limewapotosha wengi wakadhani ni mbwa pekee anayeweza kuuleta. Ni kweli kwamba karibu watu wote wanaopatwa na ugonjwa huo huwa wameumwa na mbwa. Hata hivyo virusi vyake vinaweza kumwingia mnyama yeyote anyonyeshaye, akiwemo bweha, nguchiro, tumbili, paka na hata punda. Virusi hukaa katika mate, navyo huingia mwilini kwa kuumwa, kwa kukwaruzwa, au mate yakigusa kidonda, jicho au mdomo. Kwa kawaida dalili huanza baada ya miezi miwili au mitatu, ingawa zinaweza kuja kwa wiki moja au kukawia hadi mwaka. Dalili zikishaanza, hakuna tiba. Karibu kila mgonjwa hufa.

Lakini kabla ya dalili kuanza, kinga ipo nayo ni ya uhakika. Osha jeraha mara moja kwa sabuni na maji mengi yanayotiririka kwa muda wa dakika 15. Usipake mafuta ya taa, wala majivu, wala kahawa. Kisha nenda hospitali siku hiyo hiyo ili upimwe jeraha, upewe chanjo ya kichaa cha mbwa na, ikihitajika, ile ya pepopunda. Chanjo ya kichaa hutolewa kwa sindano kadhaa katika muda wa wiki kadhaa, na ni lazima zimalizwe. Jeraha likiwa kubwa au la kutoka damu, daktari huongeza dawa ya kingamwili ambayo hudungwa palepale penye jeraha. Ukiwa umechelewa siku nne kama mvulana yule, au hata mwezi, usikae nyumbani ukisema wakati umepita. Nenda. Fahamu pia kwamba ile kanuni ya kumtazama mnyama kwa siku 10 ni ya mbwa na paka tu. Haifai kwa mnyamapori.

Popo anastahili onyo la peke yake. Mnamo Oktoba 2007, mwanamke mmoja Mholanzi mwenye umri wa miaka 34, naye akiwa daktari, alikuwa kambini huko Tsavo Magharibi wakati popo alipomjia usoni na kumkwaruza pua. Mikwaruzo ilikuwa midogo sana. Hakudungwa chanjo. Baada ya majuma machache, akiwa amesharudi kwao, alianza kuumwa na kichwa na kushindwa kusema sawasawa, na mwezi wa Desemba akafa. Virusi vilivyomuua vinaitwa Duvenhage, na ni vya ukoo mmoja na vile vya kichaa cha mbwa. Popo wana kazi kubwa ya kula wadudu na kuchavusha miti, na si adui zetu. Lakini aliyeanguka sebuleni asishikwe kwa mikono mitupu, na mkwaruzo wake usipuuzwe.

Zaidi ya hayo kuna magonjwa mepesi kidogo yanayosumbua nyumba zinazofuga wanyama hawa. Kobe hubeba bakteria aina ya salmonela ambao huwaletea watoto kuhara na homa. Kalunguyeye anaweza kueneza choa cha ngozi. Komba, yule mwenye macho makubwa ya kuvutia, ana meno makali kuliko udhaniavyo.

SISI PIA TUNAWAAMBUKIZA

Magonjwa hayaji upande mmoja tu. Tumbili na nyani wamekaribiana na sisi kimwili, na wanaweza kuambukizwa kifua kikuu, surua na mafua ya kwetu. Katika miaka ya 1980 nyani wa Masai Mara waliokuwa wakila katika jaa la takataka la hoteli moja ya watalii walishikwa na kifua kikuu kilichotokana na mabaki ya nyama ya ng'ombe wagonjwa, na wengi wakafa. Hebu fikiria sasa tumbili aliyebebwa na watoto wa ploti nzima, wengine wakikohoa, kisha mtu akamwachilia msituni kwa nia njema. Anaweza kupeleka ugonjwa kwa kundi zima ambalo halikuwa na shida yoyote.

VITUONI HUFANYIKA NINI?

Hii ndiyo sababu kila kituo kinachojua kazi yake huanza kwa kumtenga mnyama mgeni. Hutengwa kwa siku kadhaa au majuma, akapimwa kinyesi na damu, akaondolewa kupe na minyoo, na majeraha yake yakatibiwa na daktari wa mifugo aliyezoea wanyamapori. Tiba yenyewe mara nyingine haina tofauti na ya binadamu. Tai aliyekula mzoga uliotiwa sumu ya kuua wadudu hupewa atropini, dawa ile ile tunayomdunga mtu aliyekunywa sumu ya aina hiyo.

Kutibu, hata hivyo, ni nusu ya kazi. Nusu nyingine ni kumwandaa arudi kwao, na hiyo ndiyo huchukua muda mrefu. Katika kitalu cha Sheldrick kilichomo katika mbuga ya Nairobi, ndovu wachanga hupewa maziwa kila baada ya saa tatu, mchana na usiku, na mlezi hulala nao zizini. Walezi hubadilishana kwa makusudi. Hapo awali ndovu mmoja mchanga aliyeitwa Aisha alimzoea Daphne Sheldrick peke yake, na Daphne alipoondoka kwa siku chache kwenda kwenye arusi, Aisha akaacha kula akafa. Tangu hapo ikawa kanuni kwamba yatima asitegemee mtu mmoja. Wakifikia umri wa miaka mitatu hivi ndovu hao hupelekwa kwenye vituo vya Tsavo na Kibwezi, ambako hukutana na ndovu wa porini kidogo kidogo na kuamua wenyewe siku ya kuondoka. Safari hiyo yaweza kuchukua miaka kumi. Zaidi ya ndovu 250 wamelelewa hivyo, na baadhi ya majike hurudi kuwaonyesha walezi watoto waliowazaa huko porini.

Kule Watamu, wavuvi wanaonasa kasa kwenye nyavu huwaita wahudumu wa Local Ocean Conservation badala ya kumchinja. Kasa mzima hupewa alama na kurudishwa baharini. Mgonjwa hubaki. Wengine huwa wamemeza plastiki, hewa ikajaa matumboni, wakaelea wasiweze kuzama kutafuta chakula. Huko Diani, shirika la Colobus Conservation lililoanzishwa mwaka 1997 huwatibu mbega, kima na tumbili waliochomwa na nyaya za umeme au kugongwa na magari. Pia limetundika madaraja ya kamba juu ya barabara ili wanyama hao wavuke salama.

Hata kazi ikifanywa vizuri, hakuna hakikisho. Simba Elsa aliyelelewa na Joy na George Adamson alifaulu kurudi porini huko Meru na akazaa watoto, lakini mwaka 1961 aliuawa na babesiosi, ugonjwa unaoletwa na kupe. Kuna pia wanyama ambao hawawezi tena kurudi, kama ndege aliyekatika bawa au tumbili aliyekulia mapajani mwa watu. Hao huishi kituoni hadi kufa. Kadiri mnyama anavyokaa nyumbani kwa mtu, ndivyo anavyosogea karibu na hatima hiyo.

UFANYE NINI?

Ukimkuta mnyamapori aliyejeruhiwa au aliyefiwa na mamake, zingatia haya:

1. Simama mbali, uwazuie watoto na mbwa, kisha upige simu kwa Shirika la Huduma kwa Wanyamapori, KWS. Kama hujui namba, nenda kwenye ofisi yao au kituo cha polisi kilicho karibu. Iandike namba hiyo katika simu yako leo, kabla hujaihitaji.

2. Eleza mahali ulipo, aina ya mnyama, na ulivyomkuta. Mnyama akiwa mkubwa, akiwa na meno makali, au akiwa ni nyoka, usimguse kabisa.

3. Kama ni mdogo na yumo hatarini kukanyagwa na magari, vaa glavu nene au utumie taulo, umfunike kichwa, kisha umtie ndani ya katoni yenye matundu na kitambaa chini. Mweke mahali penye giza na kimya hadi wahudumu wafike.

4. Usimpe maziwa wala chakula. Usimmiminie maji mdomoni, kwani huenda yakaingia mapafuni.

5. Ukiumwa au ukikwaruzwa, sabuni na maji kwa dakika 15, halafu hospitali.

6. Mnyama aliyekutwa amekufa bila sababu ya kuonekana asichunwe wala kuliwa. Nyati waliokufa katika mbuga ya Ziwa Nakuru mwaka 2015 na mwaka 2019 waliuawa na kimeta, ugonjwa unaoweza kumshika mtu kwa kugusa mzoga tu.

Kumbuka pia kwamba chini ya Sheria ya Uhifadhi na Usimamizi wa Wanyamapori ya mwaka 2013, ni hatia kufuga mnyamapori bila kibali, hata kama ulimwokota kwa huruma. Ukiwa naye tayari, usimtupe kichakani usiku kwa kuogopa. Wapigie KWS simu waje wamchukue.

Mvulana yule alimaliza sindano zake zote na kidole chake kilipona. Tumbili alichukuliwa na maafisa wa KWS, na mama akaniambia kwamba watoto wa ploti walilia siku hiyo. Alinieleza pia kwamba wahudumu walimtahadharisha kuwa huenda ikachukua muda mrefu kabla tumbili huyo hajakubaliwa na wenzake, kwa kuwa alishazoea watu. "Daktari," aliniuliza, "unadhani atatukumbuka?" Nilimjibu kwamba ikiwa tunamtakia mema, basi tuombe atusahau upesi.